Ramani ya Ukutani ya Biashara ya Bahari ya Kale: Njia Zimo, Misimu Haimo

Ramani hii nimeitundika ukutani mwa darasa langu la historia kwa muhula mzima, kwa hiyo ninayoyaandika hapa si ya mtu aliyefungua kifurushi jana. Ni karatasi moja kubwa, upana wake unazidi kidogo mita moja na nusu, na juu yake kuna utando wa plastiki unaokuwezesha kuandika kwa wino unaofutika bila kuiharibu. Inakuja na kijitabu cha maelezo. Lengo lake ni kuonyesha njia za biashara ya masafa marefu baharini tangu karne ya 14 KK hadi karne ya 3 BK, kuanzia mlango wa Gibraltar upande wa magharibi hadi Ghuba ya Bengal upande wa mashariki. Mchapishaji sitamtaja, kwa sababu nimekwisha kumwandikia moja kwa moja na kasoro nilizoziona anazo mezani kwake. Hapa nawaandikia walimu wenzangu na wazazi wanaofikiria kuinunua.

Kilichonivuta ni mchoro wa pembeni uliowekwa juu ya jangwa la Sahara, mahali ambapo ramani ya bahari haina la kuonyesha. Mchoro huo unahusu marikebu iliyozama karibu na rasi ya Uluburun, kusini mwa Uturuki, mwishoni mwa karne ya 14 KK. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1982 na mzamiaji aliyekuwa akitafuta sifongo, kisha wataalamu wakayafukua chini ya bahari kuanzia 1984 hadi 1994, wakipiga mbizi zaidi ya mara 22,000 katika kina kinachozidi mita 40. Mchoraji hakuridhika kuweka alama ya nanga na tarehe. Ameichora marikebu kana kwamba ubavu wake mmoja umeondolewa, ili mtazamaji aone ngama yote, yaani tumbo la marikebu, na namna shehena ilivyopangwa.

Hapo ndipo wanafunzi wangu walipokwama kwa siku mbili, na niliwaacha wakwame. Mikuo ya shaba, yaani vipande vya madini vilivyomiminwa, ina umbo la ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa, yaani bapa la mstatili lenye pembe nne zilizochomoza, na kila mmoja una uzito wa kilo ishirini na kitu. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini mhunzi ajisumbue kutengeneza pembe hizo. Nikamwomba asimame na mwenzake, wachukue ubao mdogo wa kuandikia, waubebe kwanza kwa kuukumbatia kisha kwa kuushika pembeni. Jibu likapatikana bila mimi kusema neno. Kijitabu kinaongeza kwamba mikuo hiyo ilipangwa safu nne kukatiza ngama, kila mmoja ukilalia mwenzake kama vigae vya paa, juu ya matandiko ya vichaka vilivyozuia shaba isikwaruze mbao za marikebu. Maelezo ya aina hii ndiyo yanayomfanya mtoto aamini kwamba watu wa kale walikuwa na mikono, migongo na akili kama yeye.

Shehena yenyewe imeorodheshwa kwa uaminifu. Shaba ilikuwa karibu tani 10, na uchunguzi wa kikemia umeonyesha kwamba asili yake ni Kupro. Bati lilikuwa karibu tani 1. Uwiano huo wa kumi kwa moja ni ule ule unaohitajika kuyeyusha bronzi, na hivyo katika chombo kimoja kilichofikia urefu wa mita 15 hivi kulikuwa na malighafi ya kutosha kulipatia jeshi zima silaha. Kulikuwa pia na mikuo ya kioo cha buluu, mitungi karibu 150 ambayo mingi ilibeba utomvu wenye harufu, shanga za kaharabu kutoka eneo la Baltiki, kito kidogo cha dhahabu chenye jina la malkia Nefertiti wa Misri, pembe za ndovu, meno ya viboko na maganda ya mayai ya mbuni. Kilichonigusa zaidi ni kibao cha kuandikia chenye kurasa mbili za mti zilizounganishwa kwa bawaba ya pembe ya ndovu. Kila ukurasa umechimbwa kidogo ili ujazwe nta, mwandishi aandike kwa ncha kali, kisha alainishe na kuandika upya. Nta imekwenda na maji na maandishi nayo, lakini tunajua kwamba ndani ya chombo kile alikuwamo mtu wa kuweka hesabu, aliyekuwa karibu na mizani na mawe ya kupimia ambayo hayakufuata kipimo kimoja tu. Mfanyabiashara aliyebeba vipimo vya watu mbalimbali alikuwa tayari ameingia katika fikra zao kabla hajatia nanga bandarini kwao.

Katika orodha hiyo hiyo lipo jambo ambalo kijitabu kimelipita mbio mno. Miongoni mwa shehena kulikuwa na magogo ya mti mweusi ambao Wamisri wa kale waliuita kwa neno lililopita katika Kigiriki na kuingia katika lugha nyingi za Ulaya. Kijitabu kinauita "mti mweusi wa nchi za joto" na kuishia hapo. Wataalamu wa mbao wameutambua: ni Dalbergia melanoxylon, yaani mpingo, mti ule ule wanaouchonga Wamakonde na ule ule unaotengenezwa klarineti. Sisemi kwamba magogo yale yalikatwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki. Mpingo huota pia Sudan, Eritrea na Ethiopia, na njia ya Mto Nili au ya Bahari ya Shamu ndiyo iliyo karibu zaidi na Misri. Ninachosema ni kwamba zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, mti wa Afrika, ambao Kiswahili kina jina lake kamili, ulikuwa umefika chini ya mwamba wa pwani ya Anatolia pamoja na shaba ya Kupro na kaharabu ya Baltiki. Mstari mmoja tu wa maelezo ungetosha, na kuukosa mstari huo katika kijitabu kilichohesabu hata shanga ni kosa la uzembe.

Tukitoka Bahari ya Kati na kuingia Bahari ya Hindi, ramani inaanza kupotosha, ingawa hakuna jina la bandari lililoandikwa vibaya. Myos Hormos na Berenike zipo mahali pake kwenye pwani ya Misri. Muza ipo Yemen, Barygaza ipo kaskazini-magharibi mwa India, na Muziris ipo kwenye pwani ya Malabar. Tatizo ni mistari inayoziunganisha. Kila mstari una mshale mbele na mshale nyuma, kana kwamba nahodha alikuwa huru kung'oa nanga siku yoyote aliyotaka na kurudi siku yoyote aliyochoka. Hakuna mahali popote, kwenye karatasi wala kwenye kijitabu, palipotajwa pepo za msimu isipokuwa sentensi moja isemayo kwamba mabaharia "walitumia upepo". Mtu yeyote aliyewahi kusikia maneno kaskazi na kusi anajua kwamba upepo ndio uliowatumia mabaharia, na kwamba kalenda ya biashara nzima ilikuwa mikononi mwake.

Pliny, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, ametuachia ratiba ambayo ingeweza kuchapwa pembeni mwa ramani hii bila gharama. Msafiri aliondoka Koptos kwenye Mto Nili, akavuka jangwa kwa ngamia kwa siku 12, akisafiri zaidi usiku kwa sababu ya joto, hadi Berenike. Katikati ya majira ya joto alipanda chombo na baada ya siku kama 30 alikuwa Ocelis, karibu na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Kutoka hapo, kwa nguvu ya kusi, alifika Muziris kwa siku 40. Kurudi kulikuwa Desemba au mwanzoni mwa Januari, kaskazi ikiwa imeshika. Asiyeondoka kwa wakati alingoja mwaka mwingine, na kungoja huko ndiko kulikomfanya apange nyumba, ajifunze lugha, akope na kukopesha, na aabudu miungu yake ugenini. Ukiondoa msimu kwenye ramani, umeondoa sababu ya watu kukaa pamoja.

Kwa kuwa ramani haikunisaidia, nilitafuta njia nyingine. Niliwapa wanafunzi nyuzi mbili na kuwaomba wafunge fundo moja kwa kila mwezi wa safari, kisha wabandike ncha moja Berenike na nyingine mwisho wa safari. Uzi wa Muziris, kwenda na kurudi, ulitosha kwa mafundo yasiyozidi kumi na mawili. Uzi wa Rhapta, soko la mwisho la Azania, jina la kale la pwani ya Afrika Mashariki, ulihitaji kama kumi na manane. Darasa zima lilishangaa, kwa sababu machoni Azania iko karibu zaidi. Lakini fuateni upepo: chombo kilichotoka Misri mwezi Julai kilifika Ghuba ya Aden wakati kusi bado inavuma usoni mwa yeyote anayetaka kuteremka kusini kwenye pwani ya Afrika, kililazimika kusubiri hadi kaskazi ilipoanza, mwezi wa Novemba hivi, kilipofika Rhapta kilingoja tena kusi ya mwaka uliofuata ili kirudi kaskazini, na kikifika tena mlangoni mwa Bahari ya Shamu katikati ya mwaka, kilikuta upepo wa kaskazini ukiteremka kutoka Misri na kukizuia. Uzi ule mrefu ulining'inia ukutani kama kamba ya kuanikia nguo, na somo lilieleweka vizuri kuliko kwa mstari wowote uliochapwa.

Sasa nifike kwenye lililoniudhi zaidi. Kisanduku cha ufunguo wa ramani, chenye rangi za njia, alama za bidhaa na kipimio cha masafa, kimewekwa chini katikati, moja kwa moja juu ya pwani ya Azania. Jina Rhapta limechapwa kwa herufi ndogo pembeni mwa kisanduku, likiwa na mshale unaoingia ndani yake na kupotea. Asia ya Kati, ambayo kwenye ramani ya bahari haina kazi hata moja, imeachwa tupu juu kabisa, na kisanduku kingekaa huko kwa raha. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya ramani hii anajifunza, bila mtu yeyote kumwambia, kwamba pwani ya Afrika Mashariki ni mahali pa kuwekea maelezo kuhusu watu wengine.

Nasema hivi nikijua kwamba hatudai hisani. Ushahidi upo, na ni wa maandishi. Katikati ya karne ya 1 BK, mfanyabiashara ambaye jina lake halikuhifadhiwa, aliyeishi Misri na kuandika kwa Kigiriki, alitunga mwongozo wa bandari unaojulikana kama Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndani yake pwani ya Azania imeelezwa kituo kwa kituo. Vitu vilivyoletwa ni mikuki iliyotengenezwa mahususi Muza, mashoka, visu, shazia na vioo vya aina mbalimbali. Na sehemu nyingine zilipelekewa divai na ngano, si kwa kuuza bali kwa kujenga urafiki na wenyeji. Vilivyochukuliwa ni pembe za ndovu kwa wingi, pembe za kifaru na magamba ya ng'amba, aina ya kasa wa baharini. Kisha inakuja sentensi ambayo mimi ningeichapa kwa herufi nene kwenye ramani yoyote inayodai kuhusu maingiliano ya tamaduni: mwandishi anasema watu wa Muza walipeleka huko manahodha na mawakala Waarabu, waliowazoea wenyeji na kuoa kwao, na waliozijua sehemu zile na lugha yake. Kuoa na kujua lugha. Kabla ya Uislamu kwa karne nyingi, na kabla ya miji ya mawe. Siwezi kufikiria mfano bora zaidi wa jambo ambalo kijitabu hiki kimetumia kurasa tatu kulieleza kwa maneno ya jumla.

Liko pia jina lenyewe. Rhapta limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kushona, na Periplus inaeleza kwamba mahali hapo palipewa jina kwa sababu ya vyombo vyake vya kushonwa. Mbao ziliunganishwa kwa kamba bila msumari, kwa ufundi ambao pwani ya Waswahili iliuendeleza katika mtepe hadi nyakati za karibu. Ukiuweka mchoro wa chombo cha kushonwa kando ya ule wa Uluburun, ambao mbao zake za mwerezi ziliunganishwa kwa ndimi na matundu, unapata somo zima la ufundi: watu wawili wa bahari mbili walikabili swali moja la jinsi ya kuzuia maji yasiingie, wakajibu kila mmoja kwa mkono wake. Nafasi ya mchoro huo ndiyo iliyofunikwa na kisanduku.

Kuhusu mambo mengine sina maneno mengi. Safari za watu wa visiwa vya Kusini-Mashariki mwa Asia, ambao lugha yao iliyofika Madagaska ni ndugu wa karibu wa lugha za Borneo, hazimo kabisa, lakini kwa kuwa ramani inakoma karne ya 3 BK sitawalaumu sana. Wafoinike wamepewa rangi ya zambarau, jambo zuri kwa watu waliopata utajiri kutokana na rangi hiyo iliyokamuliwa kwenye konokono wa baharini. Na kijitabu kinaeleza vizuri namna alfabeti yao ilivyochukuliwa na Wagiriki, hata majina ya herufi yakabaki. Rangi ya njia za Warumi na ya njia za Waarabu zinafanana mno chini ya taa ya darasani.

Sehemu ya Berenike katika kijitabu ni nzuri kweli, na ningependa mwandishi wake ndiye angepewa kazi yote. Anaeleza juu ya mtungi wa Kihindi uliokutwa hekaluni ukiwa na zaidi ya kilo 7 za pilipili manga. Anaeleza juu ya kigae chenye maandishi ya Kitamil. Anataja sanamu ya Buddha iliyopatikana huko mwaka 2022, iliyochongwa kwa marumaru, ikasimama katika mji wa jangwani wa Misri ya Kirumi ambamo Wagiriki, Wamisri, Waarabu na Wahindi walipangiana vyumba wakingoja upepo. Anataja pia mkataba wa mkopo wa karne ya 2 BK, ulioandikwa kwenye mafunjo, unaohusu shehena ya chombo Hermapollon kutoka Muziris, na kueleza ushuru wa robo nzima ya thamani uliotozwa na dola ya Roma. Strabo, mwanajiografia wa Kigiriki, aliandika kwamba katika wakati wake vyombo 120 viliondoka Myos Hormos kwa mwaka kuelekea India. Ukizidisha shehena moja kama ile ya Hermapollon kwa idadi hiyo, unaanza kuelewa malalamiko ya Pliny kwamba India ilikuwa ikinyonya sesterce (sarafu ya Kirumi) milioni 50 kila mwaka. Wanafunzi wangu walifanya hesabu hiyo ubaoni, na walibishana kama Pliny alikuwa akilalamika kama mchumi au kama mtu asiyependa wake wa wakubwa kuvaa lulu.

Je, ninaipendekeza? Kwa anayefundisha Bahari ya Kati, ndiyo, bila kusita. Mchoro wa Uluburun peke yake unastahili ukuta. Karatasi ni imara, haijapinda wala kuchanika licha ya mikono mingi, na utando wake unafutika vizuri isipokuwa wino ukiachwa usiku kucha. Kwa anayefundisha Bahari ya Hindi, inunue ukiwa na gundi na karatasi ya ziada, na usiitundike kabla hujaisahihisha. Sisi tumechora pwani ya Azania upya kwenye karatasi nyeupe, kutoka pembe ya Afrika hadi Rhapta, tukaweka vyombo viwili vya kushonwa, ng'amba mmoja na gogo la mpingo, na chini yake mstari wa miezi kumi na miwili wenye mishale ya kaskazi na kusi. Karatasi hiyo tumeibandika juu ya kisanduku cha ufunguo. Uzi wenye mafundo kumi na manane bado umening'inia kutoka Berenike, na ncha yake sasa ina mahali pa kutua.